Taa ya ABS haizimwi kwa kung'oa balbu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwafikie wenye magari ya zamani na mafundi wenzangu wanaoyahudumia. Kuna tabia mbili kuhusu taa ya njano ya ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki, ambazo zimezoeleka mno. Ya kwanza ni kuizima taa na kuliacha kosa: balbu inang'olewa, inazibwa kwa gundi nyeusi, au waya wake unaunganishwa na wa taa ya chaji ili ziwake na kuzimika pamoja. Ya pili ni kununua vifaa kwa kubahatisha. Leo sensa, kesho pampu, keshokutwa kompyuta yenyewe, na taa bado inawaka.

Zote mbili zinatokana na imani kwamba mfumo huu haupimiki bila mashine ya gharama kubwa. Unapimika. Kwa gari la miaka 15 au 20, multimita ya kawaida (mita ya kupima umeme), jeki na stendi, brashi ya waya na subira vinatosha kukamata sehemu kubwa ya makosa.

Tukumbushane kazi yake kwanza, maana vipimo vyote vinatokana nayo. Kila gurudumu lina sensa inayosoma kasi yake kutoka kwenye ringi ya meno inayozunguka nalo. (Baadhi ya pikapu za zamani zina sensa moja tu ya nyuma, kwenye difu katikati ya ekseli.) Ukikanyaga breki kwa nguvu na gurudumu moja likapunguza kasi ghafla kuliko mengine, kompyuta inajua linakaribia kujifunga. Inafunga vali ya kuingizia ili presha isizidi, inafungua ya kutolea ili ishuke, na pampu inarudisha mafuta ya breki upande wa masta silinda, ile inayosukumwa na pedali. Hilo hurudiwa mara nyingi ndani ya sekunde moja, na ndiyo maana pedali hutetemeka chini ya mguu. Mpango huu ni uleule tangu Bosch ilipouingiza sokoni mwaka 1978 kwenye Mercedes-Benz S-Class. Kompyuta ikiona sakiti yake yoyote haiaminiki, inajitoa kazini na kuwasha taa.

Taa ya njano peke yake, kwa magari mengi, ina maana breki za kawaida zipo ila ulinzi wa kuzuia magurudumu kujifunga haupo. Ya njano na nyekundu zikiwaka pamoja ni habari nyingine kabisa. Angalia kama breki ya mkono imeachiwa na mafuta ya breki yako kwenye kiwango. Kama yote ni sawa, huenda mgawanyo wa nguvu kati ya breki za mbele na za nyuma nao umepotea. Hapo magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kabla ya ya mbele na gari likageuka mkia mbele. Gari hilo lisipakie watu mpaka lipimwe.

Kuna pia magari ambayo pampu ya umeme ndiyo inayosaidia mguu kukanyaga breki, kwa presha iliyohifadhiwa kwenye chupa ya chuma. Baadhi ya Toyota Land Cruiser ziko hivyo. Katika hayo, kosa la pampu linaweza kukuachia pedali ngumu au breki dhaifu sana, kwa hiyo usiliendeshe. Na kabla ya kufungua bomba lolote la breki kwenye mfumo wa aina hiyo, zima swichi ya ufunguo na ukanyage pedali mara 40 ili presha iishe. Presha iliyomo hupita bar 100 na inaweza kukuumiza vibaya.

Anayenunua gari lililotumika anaweza kuikagua taa hii bila kifaa chochote. Washa swichi bila kuwasha injini, subiri sekunde 10, utazame dashibodi. Katika magari mengi taa ya ABS inawaka, na baada ya sekunde 3 hivi inazimika yenyewe huku za chaji na oili zikiendelea kuwaka. Isipowaka kabisa, balbu imeng'olewa au imeungua. Ikizimika sambamba na taa ya chaji pale injini inaposhika, kuna uwezekano mkubwa waya umechezewa. Ulizia kabla ya kutoa fedha.

Sasa upimaji. Usianze na sensa, anza na umeme wa gari lenyewe. Betri iliyotulia isome angalau volti 12.4, na injini ikiunguruma isome kati ya 13.8 na 14.5. Umeme ukishuka kuelekea volti 10, kompyuta nyingi za ABS hujizima na kuwasha taa. Betri iliyochoka, ambayo hushuka sana starta inapozunguka, inaweza kuleta kosa la ABS ambalo hakuna sensa itakayolitibu. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye boliti inayofunga waya wa hasi wa kompyuta ya ABS, taa kubwa na feni vikiwa vimewashwa. Ukipata zaidi ya volti 0.2, kuna kutu au boliti imelegea. Fungua, kwangua hadi chuma cheupe, kaza. Geuza mita isome volti za AC (umeme wa kubadilika) kwenye nguzo za betri, injini ikiwa inaunguruma. Ikizidi 0.5, dayodi za altaneta zimeanza kufa, na umeme huo mchafu unaweza kuvuruga ishara za sensa.

Fyuzi za ABS ni zaidi ya moja, na hapo wengi wanajikwaa. Kuna kubwa ya pampu, mara nyingi kati ya ampea 30 na 60, kuna ya vali, na kuna ndogo inayopata umeme wa swichi. Usiridhike kuzitazama kwa macho. Washa swichi, upime volti pande zote mbili za kila fyuzi ikiwa mahali pake. Fyuzi yenye ufa mwembamba huonekana nzima na haipitishi kitu.

Taa za breki za nyuma zikaguliwe pia: ziwake zote ukikanyaga, zizime zote ukiachia. Kompyuta inasoma swichi ileile ya pedali inayoziwasha. Kwenye baadhi ya magari, balbu zote za breki zikiungua, au zikibadilishwa kwa za LED zinazokula umeme kidogo mno, kompyuta huhesabu kwamba sakiti imekatika. Matairi nayo yawe na saizi moja na upepo sawa. Tairi la akiba lenye kimo kidogo huzunguka haraka kuliko mengine, na kompyuta haina njia ya kujua kwamba ni tairi tu.

Baada ya hapo soma misimbo ya kosa, yaani namba za makosa ambazo kompyuta imehifadhi. Toyota nyingi za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zinasomeka kwa kipande cha waya. Kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya boneti unaunganisha pini zilizoandikwa Tc na E1. Kwenye ile ya pini 16 chini ya usukani, ni pini namba 13 na namba 4. Baadhi ya matoleo ya zamani yanakutaka pia utoe kipini kifupi kinachounganisha WA na WB. Hakikisha namba mara mbili, kwa sababu pini 16 ya soketi hiyo ina umeme wa betri moja kwa moja. Washa swichi, hesabu mimweko ya taa ya ABS: makumi kwanza, kisha kituo kifupi, kisha mamoja. Mimweko ya haraka inayolingana bila kituo maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa. Namba 31 ni sakiti ya sensa ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Kuanzia 11 hadi 14 ni relei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) za vali na pampu, 21 hadi 24 ni vali zenyewe, 41 ni umeme mdogo, 49 ni swichi ya taa za breki, na 51 ni mota ya pampu iliyoganda.

Kwa magari mengine utahitaji skana, yaani kifaa cha kusoma kompyuta za gari, na uulize kabla ya kuinunua au kuikodi kama inasoma mfumo wa ABS. Vile vifaa vidogo vinavyosoma injini tu havioni misimbo inayoanza na herufi C. Andika misimbo yote kwenye karatasi kabla ya kufuta chochote. Kosa lililofutwa bila kuandikwa ni ushahidi uliotupwa.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Msimbo 31 haukuambii ununue sensa ya mbele kulia. Unakuambia kwamba ishara ya gurudumu hilo haikufika kwenye kompyuta ikiwa sawasawa. Njia yake ina sensa, ringi ya meno, beringi, waya, plagi mbili au tatu, na mwisho kompyuta. Kimoja kati ya hivyo kina ubaya, na ni kipimo kitakachokuambia ni kipi.

Wakati taa inapowaka nao ni ushahidi. Ikiwaka mara tu unapowasha swichi na haizimi, tafuta sakiti iliyokatika: waya, koili ya sensa, relei, fyuzi, vali. Ikizimika vizuri kisha ikawaka gari likiondoka, pengine kwenye kilomita 10 au 20 kwa saa, sakiti ni nzima lakini ishara haiji, au pampu imeshindwa jaribio ambalo kompyuta huifanyia gari linapoanza kutembea. Ikiwaka kwenye mashimo au unapokata kona, fikiria waya unaopindapinda na beringi iliyolegea. Ikiwaka siku za mvua na kupona jua likitoka, fungua plagi utafute chumvi ya kijani.

Sensa za magari ya zamani kwa kawaida ni za sumaku na koili. Zinatengeneza umeme zenyewe na zina nyaya mbili. Pandisha gari, weka stendi, zima swichi, chomoa plagi ya sensa. Pima omu (ukinzani wa umeme) kati ya pini mbili upande wa sensa. Nyingi husoma kati ya 800 na 2,500, na ya kulia na ya kushoto ya ekseli moja zinapaswa kukaribiana sana. Mita isiposoma kitu, koili imekatika. Ikikaribia sifuri, imeshikana ndani. Halafu, kipimo ambacho wengi hukiruka: weka ncha moja kwenye pini na nyingine kwenye chuma cha gari, mita ikiwa kwenye kiwango cha juu kabisa cha omu. Isisome kitu. Ikisoma, unyevu au mkwaruzo umeiunganisha koili na bodi, na sensa hiyo itasumbua hata kama omu zake ni nzuri.

Omu peke yake hazitoshi. Sensa inaweza kuwa na omu 1,100 safi na bado isitoe ishara. Geuza mita isome volti za AC, unganisha kwenye pini zilezile, zungusha gurudumu kwa mkono kama mzunguko mmoja kwa sekunde. Utaona sehemu ya volti, labda 0.2, labda 0.7, kutegemea gari. Namba kamili haina uzito kama ulinganisho: zungusha magurudumu yote kwa mwendo uleule uandike. Tatu zikitoa 0.6 na moja ikatoa 0.15, umeshapata gurudumu lenye tatizo bila kujali msimbo unasema nini.

Ukiridhika na sensa, hamia kwenye plagi ya kompyuta. Swichi ikiwa imezimwa, ichomoe na upime sensa ileile kutokea huko kwa kufuata mchoro wa nyaya wa gari. Omu zinapaswa kuwa zilezile, na labda moja au mbili za ziada. Mtu wa pili azungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho na kuutikisa waya, hasa pale unapotoka kwenye chesisi kwenda kwenye gurudumu. Namba ikiruka, waya umekatika ndani ya ganda lake. Ganda huonekana zima kwa nje, ndiyo sababu sensa mpya hufungwa na taa ikazima siku mbili tu: waya wa zamani ulisogezwa ukagusana, kisha ukaachana tena.

Usitoboe ganda la waya kwa ncha ya mita. Tundu hilo dogo huingiza maji, na baada ya miezi kadhaa shaba inageuka unga. Ingiza ncha kupitia nyuma ya plagi. Ukilazimika kuunga waya, unga sehemu iliyotulia kwenye chesisi, si ile inayopinda kila usukani unapogeuka, kwa sababu penye lehemu waya hukakamaa na kuvunjika pembeni. Funika kwa mpira wenye gundi unaojikaza kwa joto. Kama nyaya mbili zilikuja zimesokotwa pamoja, zisokote hivyohivyo, maana msokoto huo ndio unaozikinga na kelele za umeme.

Magari ya karibuni kidogo yana sensa zinazolishwa umeme na kompyuta. Hizo usizipime kwa omu; hutapata jibu la maana na unaweza kuziharibu. Chomoa plagi, washa swichi, pima volti upande wa waya unaotoka kwenye kompyuta. Ukipata kati ya volti 5 na 12, sensa ni ya kulishwa na njia yake ni nzima. Zile za nyaya mbili hubadilisha mkondo kati ya takriban miliampea 7 na 14 kadiri gurudumu linavyozunguka. Unganisha mita ya miliampea katika mfuatano na waya mmoja, zungusha gurudumu polepole sana, na uone namba zikipanda na kushuka kati ya viwango hivyo viwili.

Sensa iliyoganda kwenye tundu lake haitolewi kwa nyundo wala kwa kuzungushwa na koleo. Lowesha kwa mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha, isukume kidogokidogo huku na huku. Ikitoka, safisha tundu na uso unaoegemea kwa brashi na msasa laini hadi pawe tambarare, na upake grisi ya silikoni kidogo.

Usafi huo una sababu kubwa. Upenyo kati ya ncha ya sensa na meno kwa kawaida ni chini ya milimita 1.5, magari mengi yako kati ya 0.3 na 1.2. Kutu inayoota chini ya sensa huinua ncha polepole kama mzizi unavyoinua sakafu, na ishara inazidi kufifia. Pima kwa bamba la shaba au plastiki, kwa sababu la chuma litanaswa na sumaku likudanganye.

Kosa hili la kutu ndilo linalozaa malalamiko ambayo mafundi wengi huyakataa kwa sababu taa haiwaki. Mwenye gari anasema: nikikaribia kusimama, kwenye mwendo wa kutambaa, pedali inatetemeka na gari linasogea mbele kidogo, ingawa barabara ni kavu. Fundi anasoma misimbo, hapati kitu, anabadilisha pedi. Malalamiko hayo ni ya kweli na ni ya hatari. Sensa ya sumaku hutoa umeme kidogo kadiri gurudumu linavyopunguza mwendo, na chini ya kilomita chache kwa saa ishara hupotea kabisa. Ikiwa gurudumu moja lina upenyo mkubwa, ishara yake hupotea mapema kuliko ya mengine matatu. Kompyuta inaona gurudumu moja limesimama na matatu yanakwenda, inaamini limejifunga, inaliachia presha. Kwa mujibu wa hesabu zake hakuna kosa, kwa hiyo haihifadhi msimbo. Tiba ni ule ulinganisho wa volti za AC nilioutaja, au skana inayoonyesha kasi ya magurudumu manne kwa pamoja gari likisimama taratibu: lile linaloanguka sifuri kabla ya wenzake ndilo la kufungua.

Kabla ya kufunga tena, kagua ringi ya meno mzunguko mzima kwa tochi. Ringi nyingi za mbele zimekazwa juu ya sivi-jointi, kile kiungo cha shafti ya gurudumu, na kutu ikijaa chini yake huipanua mpaka ipasuke. Ufa mmoja hufanya nafasi kati ya meno mawili iwe pana kuliko nyingine, na kila mzunguko kompyuta inaona mruko. Tafuta pia jino lililovunjika, ringi inayocheza, na vumbi la chuma la pedi lililoganda kati ya meno. Shika tairi juu na chini ulitikise: beringi iliyolegea hubadilisha upenyo kila kona, na hakuna sensa itakayovumilia hilo.

Sivi-jointi au shafti iliyobadilishwa ni ya kutiliwa shaka mara moja. Nyingine zinauzwa bila ringi, nyingine zina ringi yenye idadi tofauti ya meno. Hesabu meno ya kulia na ya kushoto. Upande mmoja ukiwa na 48 na mwingine 44, kompyuta itaona tofauti ya kasi ya karibu asilimia 9 kila wakati hata gari likienda moja kwa moja. Beringi za kisasa zaidi huficha ringi ya sumaku ndani ya sili yake, isiyo na meno yanayoonekana. Ikifungwa kinyume, upande wa sumaku ukatazama mbali na sensa, hakuna ishara kabisa. Gusa kwa kibanio cha karatasi cha chuma kabla ya kufunga. Upande unaokivuta ndio unaoelekea kwenye sensa.

Kwa magari ya 4x4 ongeza kitu kimoja: mengi yana sensa ya mwendo wa bodi, hukaa katikati karibu na gia au chini ya kiti. Ifungwe tambarare, mshale wake ukielekea upande uliokusudiwa. Ikiachwa inaning'inia baada ya zulia au redio kufunguliwa, ABS itaharibika akili.

Kompyuta na pampu ziwe za mwisho kulaumiwa. Mota ya pampu unaweza kuijaribu kwa kuipa umeme wa betri moja kwa moja, kupitia fyuzi, kwa sekunde moja au mbili tu. Ikinguruma, tafuta relei na nyaya. Ikikaa kimya, brashi zimekwisha au imeganda kwa kutu. Kwenye mifumo kadhaa ya kizazi cha 5 ya Bosch, kosa linalojulikana ni viungo vya ndani ya kompyuta kuachana kwa joto na mtikisiko: taa huwaka gari likipata moto na kuzima likipoa, na skana wakati mwingine hushindwa kabisa kuwasiliana na ABS. Nyingi za aina hiyo hutenganishwa na sehemu ya mafuta kwa skrubu chache bila kugusa bomba la breki, kwa hiyo inaweza kupelekwa kwa mtaalamu wa kulehemu bodi za umeme na kurudishwa bila kutoa hewa. Osha eneo lote kwanza, na uzibe uso uliobaki wazi. Ukichagua kununua iliyotumika, namba ya kifaa ilingane herufi kwa herufi, na uulize kama inahitaji kupangwa upya kwa skana.

Kinachoua pampu na vali mapema ni mafuta ya breki yaliyozeeka. Mafuta ya aina za DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya hustahimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Ikishiba maji inaruhusiwa kushuka hadi 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Mbali na kuchemka, maji hayo hutia kutu ndani ya vali ambazo matundu yake ni membamba mno. Badilisha kila miaka 2. DOT 5 ya silikoni isiingie kwenye gari lenye ABS. Hushika viputo vya hewa na haichanganyiki na hayo mengine.

Na unapobadilisha pedi, usirudishe pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana pedi) kwa kusukuma mafuta machafu yarudi juu kuelekea kwenye vali za ABS. Fungua nipeli ya kutolea hewa, vesha mpira unaoishia kwenye chupa, sukuma pistoni uchafu utoke huko, funga nipeli, kisha jaza mafuta mapya. Ni dakika tano za ziada kwa kila gurudumu. Usiache kikopo cha juu cha mafuta ya breki kikauke wakati wa kutoa hewa: hewa ikiingia ndani ya sehemu ya vali, magari mengi hayataitoa bila skana inayoweza kuzungusha pampu na kufungua vali kwa zamu.

Kazi ikiisha, futa misimbo. Kwa Toyota nilizozitaja, waya ukiwa bado kwenye Tc na E1 na swichi imewashwa, kanyaga breki angalau mara 8 ndani ya sekunde 5. Toa waya, washa injini, hakikisha taa imezimika. Endesha hadi kilomita 40 kwa saa mahali palipo wazi, pakavu na pasipo na watu, kisha kanyaga kwa nguvu zote na ushikilie bila kupampu. Pedali itetemeke, gari lisimame likiwa limenyooka, na usukani uendelee kutii. Soma misimbo mara ya pili baada ya jaribio, hata kama taa haikuwaka, kisha mkabidhi mwenye gari karatasi yenye msimbo wa awali, omu na volti za kila gurudumu, na kifaa kilichobadilishwa. Fundi atakayelifungua gari hilo baadaye ataanzia hapo badala ya kuanza upya.

Fundi umeme wa magari